Mng'aro wa bampa na pumzi ya fundi

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu limo gari la mzee lililofunikwa turubai. Aghalabu ni Volkswagen yenye umbo la kobe au Mercedes ya miaka ya 1970, na warithi wamekaa nalo miaka mingi bila ya kuafikiana kama liuzwe au litengenezwe. Pale wanapoafikiana kulitengeneza, injini hushughulikiwa kwanza, kisha bodi na rangi, na mwisho familia husimama mbele ya bampa, pete za taa na vitasa vya milango vilivyopauka na kuingia madoa ya kutu, ikauliza: je, vyuma hivi vitang'aa tena?

Tumeulizwa swali hilo mara kadhaa. Jibu fupi ni kwamba vitang'aa, tena pengine kuliko vilivyotoka kiwandani. Jibu refu ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwani mng'aro huo una gharama isiyoandikwa kwenye risiti, na anayeilipa aghalabu ni kijana asiyemiliki gari lolote.

Na tuanze na kitu chenyewe. Wengi hudhani kuwa bampa la kromu limevikwa kromu nene. Ukweli ni kwamba tabaka la kromu la urembo huwa na unene wa takriban robo hadi nusu ya mikroni, ilhali unywele wa binadamu hukaribia mikroni 70. Lau matabaka hayo yangepangwa moja juu ya jingine, yangehitajika zaidi ya mia moja kuufikia unywele mmoja. Kinachokinga chuma na maji ni nikeli iliyo chini ya kromu, ambayo katika kazi nzuri hufika mikroni 20 hadi 40, na chini ya nikeli mara nyingi hutangulizwa shaba. Kromu imewekwa juu ili nikeli isififie wala isikwaruzike, na ndiyo inayoleta ile rangi baridi yenye kuelekea samawati. Nikeli peke yake ina wekundu hafifu wa manjano, kama fedha iliyowekwa karibu na taa ya mafuta.

Kwa hiyo kutu tunayoiona juu ya bampa si ya kromu, maana kromu haishiki kutu ya namna hiyo. Ni kutu ya chuma cha chini iliyopata njia ya kutokea kupitia vitundu na nyufa zisizoonekana kwa macho. Nikeli ikiwa nyembamba, njia huwa nyingi. Sisi tunaoishi pwani, ambako upepo huleta chumvi usiku na mchana, tunayaona madoa hayo mapema kuliko wenzetu wa bara.

Ni lazima pia kujua umri wa gari kabla ya kuligusa. Magari ya mwanzo kabisa yalipambwa kwa shaba nyeupe na shaba nyekundu zilizosuguliwa kila juma. Yakafuata yaliyotiwa nikeli. Kromu ilikuja baada ya mkemia Colin Fink na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kuipatia kanuni ya kuaminika katikati ya miaka ya 1920, na Oldsmobile ya kampuni ya General Motors ikawa miongoni mwa magari ya mwanzo kuitumia. Basi mtu mwenye gari la mwaka 1920 akalitia kromu, amelivisha vazi lisilo lake, na wajuzi humtambua kwa mbali. Baadaye, katika miaka ya 1950, Wamarekani waliipenda kromu kupita kiasi, hata Buick ya mwaka 1958 ikawa kama duka la vyombo vinavyotembea. Lakini mwanzoni mwa muongo huo huo, wakati wa vita vya Korea, serikali ya Marekani iliwekea nikeli vikwazo kwa ajili ya mahitaji ya kijeshi, na magari ya miaka ile yakatoka yakiwa na nikeli haba chini ya kromu. Mng'aro wake ulipukutika upesi. Mwenye gari la mwaka 1952 asimlaumu babu yake kwa kutolitunza.

Kuna na tatizo la aina ya chuma. Vitasa, nembo na fremu za taa za zamani mara nyingi si chuma, bali ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Zinki ya zamani ilichanganyika na risasi na bati kidogo, na uchafu huo ulikula kipande kutoka ndani mpaka kikavimba na kupasuka. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ilitoa aloi safi zaidi iitwayo Zamak, jina lililofupishwa kutokana na maneno ya Kijerumani ya zinki, alumini, magnesi na shaba. Kipande cha Zamak hakivimbi, lakini maji yakipenya chini ya kromu hutoka vipele vidogo, na kila kipele kina shimo chini yake. Kukirudishia kitasa kama hicho uso wake ni kazi ngumu kuliko bampa zima, na ndiyo maana fundi mwaminifu hukutajia bei inayokushangaza kwa kitu kinachoenea kiganjani.

Sumaku ya jikoni itasaidia kutenganisha. Ikishika kwa nguvu, chini kuna chuma. Isiposhika na kipande kikawa kizito, yamkini ni zinki. Kikiwa chepesi, ni alumini. Nakshi za pembeni mwa mlango huwa mara nyingi ni chuma kisichoshika kutu, ambacho baadhi yake huvutwa na sumaku na baadhi haivutwi, kwa hiyo hapo sumaku si hakimu wa mwisho. Nakshi hizo hazihitaji kromu hata kidogo: hugongwagongwa taratibu zikanyooka, zikapigwa msasa laini na kusuguliwa kwa kitambaa na dawa. Tumewaona watu wakilipia kutiwa kromu juu ya chuma ambacho kingewaka kwa jasho la jioni moja.

Hata bampa la kromu halihitaji kuchukuliwa kwa fundi kila linapopauka. Chukua karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, ikunje, ichovye kwenye maji na usugue madoa ya kutu bila ya nguvu nyingi. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiachi mikwaruzo, na kutu hutoka na maji ya rangi ya chai. Osha kwa sabuni, kausha kabisa, kisha paka nta ya gari. Kazi hii hata watoto wanaweza kuifanya na huwafurahisha. Kromu iliyokwisha kuwa chuma juu ya bampa haimdhuru anayeishika. Tusisahau mgongo wa bampa, upande usioonekana, maana huko ndiko matope hukaa na ndiko kutu huanzia. Upakwe rangi ya kuzuia kutu au grisi.

Lakini lipo jambo moja la nyumbani ambalo tunalionya kwa msisitizo. Wapo vijana wanaotoa kutu kwa ndoo ya maji, magadi na chaja ya betri. Kanuni yenyewe ni sahihi, nayo ni ya zamani: kipande chenye kutu hufungwa upande wa hasi, na chuma kingine upande wa chanya. Hatari ni pale upande wa chanya unapowekwa kijiko au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hakiliki haraka. Chuma hicho kina kromu ndani yake, na umeme huiyeyusha ikawa ile kromu yenye sumu ambayo tutaieleza hivi punde. Maji yakigeuka manjano, ndiyo dalili yake. Hali kadhalika asifunge kipande chenye kromu upande wa chanya. Kipande cha nondo ya kawaida chatosha, na kazi ifanyike nje, mbali na moto, kwani povu lile lina hidrojeni inayoripuka.

Tukitoka nyumbani tukaingia kwenye karakana, kazi huanza kwa kuvua. Kromu ya zamani hutolewa kwa tindikali au kwa umeme uliogeuzwa, kisha nikeli hutolewa kwa tindikali nyingine. Hapo ndipo siri za bampa hudhihiri: mbonyeo uliofichwa, mashimo ya kutu, pengine tundu linalopitisha mwanga. Bampa hunyooshwa, huungwa kwa welding, na husuguliwa kwa msasa mkavu unaozidi kuwa laini, kuanzia namba 80 mpaka 320 na kuendelea, kisha kwa gurudumu la kitambaa. Hii ndiyo sehemu ndefu ya kazi, na ndiyo fedha nyingi huingia huko. Umeme hauondoi mkwaruzo. Huufunika kwa uaminifu, na mkwaruzo uliofunikwa kwa kromu huonekana zaidi kuliko ulivyokuwa wazi.

Baada ya kusafishwa mafuta, kipande huchovywa kwenye shaba, hutolewa, husuguliwa tena ili shaba ibaki kwenye mashimo tu, na hurudishwa, pengine mara tatu au nne, mpaka uso uwe sawa kama kioo. Zinki ina adabu yake: ikitumbukizwa moja kwa moja kwenye shaba yenye asidi huliwa, kwa hiyo hutangulizwa shaba ya sianidi. Sianidi hiyo ikikutana na tindikali iliyomwagika sakafuni hutoa gesi inayoua kwa dakika chache, na karakana inayoweka madumu ya vitu hivyo viwili kwenye rafu moja haifai kukanyagwa na mtu mwenye watoto. Kisha hufuata nikeli, na mwisho kromu, ambayo hukaa majini kwa dakika chache tu.

Dakika hizo chache ndizo zenye maneno. Katika utaratibu uliozoeleka, birika la kromu halina kromu ya chuma, bali lina asidi ya kromu, takriban gramu 250 kwa kila lita, ikiwa na asidi ya salfa kidogo sana, kama sehemu moja kwa mia. Maji yake ni mekundu yaliyoiva kama juisi ya bungo iliyokolezwa. Kromu iliyomo humo wakemia huiita ya valensi 6, na ndiyo yenye sumu. Tena utaratibu huu ni mbadhirifu kuliko karibu aina zote za kutia madini: katika umeme wote unaopita, pengine sehemu moja kati ya tano, au pungufu ya hapo, ndiyo inayoweka kromu juu ya bampa. Uliobaki huyapasua maji yakawa gesi. Mapovu hupanda, hupasuka juu ya birika, na kila povu hurusha tone dogo la asidi hewani. Matone hayo huwa ukungu usioonekana vizuri, na ukungu huo huvutwa puani na mtu aliyesimama pale akingojea bampa la marehemu baba wa mtu mwingine.

Madhara yake yamejulikana tangu karne ya 19. Rutherglen, karibu na Glasgow huko Uskochi, palikuwa na kiwanda kikubwa cha kemikali za kromu cha J & J White. Wafanyakazi wake walitoboka ukuta unaotenganisha tundu za pua, na ngozi zao zilipata vidonda vya kina vilivyochelewa kupona. Mwenye kiwanda, Lord Overtoun, alikuwa mashuhuri kwa sadaka na kwa kujenga nyumba za ibada, na mwaka 1899 mwanasiasa Keir Hardie aliandika vijitabu kuyalinganisha mambo hayo mawili, sifa ya mkono unaotoa na hali ya mikono inayofanya kazi. Taka za kiwanda hicho zilifukiwa sehemu mbalimbali za upande ule wa mji, na katika miaka ya karibuni kijito cha Polmadie kimewahi kugeuka kijani kwa sababu yake, miongo mingi baada ya kiwanda kufungwa.

Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kromu ya valensi 6 katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na inayohusika hapa ni ya mapafu. Tangu Septemba 2017 nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu kuitumia asidi ya kromu bila ya kibali maalumu, na jimbo la California lilipitisha mwaka 2023 kanuni ya kuiondoa kabisa katika kazi za urembo. Kwa maneno mengine, mataifa yaliyotufundisha kupenda bampa linalong'aa yenyewe yanaliacha birika lile.

Hapa kwetu hamu haijapungua. Nairobi imekuwa na maonyesho ya magari ya kale, Concours d'Elegance, tangu miaka ya 1970, na katika kila mji wa pwani wapo wapenzi wanaolisubiri gari lao kama bibi harusi. Hatuna ugomvi na hamu hiyo. Kuhifadhi kilichotengenezwa kwa ustadi ni bora kuliko kununua kipya kila baada ya miaka mitatu. Ugomvi wetu ni na bei rahisi. Birika bila ya kofia ya kuvuta hewa ni rahisi. Kijana bila ya glavu ni rahisi. Maji yanayomwagwa mtaroni ni rahisi kuliko yote. Mteja anayekwenda karakana tatu na kuchagua iliyopunguza bei asidhani kwamba fundi ameipunguza kutoka kwenye faida yake.

Mwenye gari, basi, na aingie ndani, asikabidhi bampa mlangoni na kuondoka. Aangalie kama kando ya birika kuna mfereji wa kuvuta hewa unaofanya kazi, na si bomba lililojaa utando wa buibui. Aangalie mikono ya vijana: madoa ya manjano na vidonda vidogo vya mviringo kwenye vidole vinasema zaidi ya tangazo la ukutani. Aulize maji ya kusuuzia yanakwenda wapi. Mwenye kujua kazi yake atamweleza kuwa kromu yenye sumu hugeuzwa kwanza kuwa ya valensi 3 kwa chumvi ya salfaiti katika maji yenye asidi, kisha hutiwa chokaa ikatuama kama tope, na tope hilo huhifadhiwa, halitupwi. Asiyejua atacheka au atakasirika, na majibu yote mawili yanatosha kumfanya mtu achukue bampa lake.

Wazazi tunawasihi zaidi. Kijana akipata nafasi ya kujifunza ufundi huu, msimzuie, kwani ni ufundi wenye heshima na mafundi wake ni wachache. Lakini nendeni mkaone kabla hajaanza, kama mnavyokwenda kuiona familia kabla ya kuposa. Nguo zake za kazi zibaki kazini au zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za wadogo zake. Akianza kutokwa na damu puani mara kwa mara, au kidonda kidogo kikakataa kupona, aonwe na daktari, na daktari aambiwe waziwazi kazi anayoifanya, maana bila ya hivyo atapewa dawa ya mafua.

Ipo njia nyingine pia. Kutia kromu kwa maji ya valensi 3 kumekuwa kukifanyika kibiashara tangu miaka ya 1970, na sumu yake ni ndogo kwa mbali. Rangi yake hutoka na giza kidogo, na mwenye jicho kali ataiona ikiwekwa karibu na kipande cha zamani. Suluhisho ni kutia vipande vyote kwa pamoja, visichanganyike viwili. Kuna na kromu ya kupuliza, ambayo kwa hakika ni tabaka jembamba la fedha au rangi lililofunikwa kwa vanishi. Kwa gari la kuonyeshwa kivulini haina ubaya. Kwa bampa la gari linalotembea Tanga au Mombasa haidumu, na anayeiuza kwa jina la kromu bila ya kumweleza mnunuzi amefanya ghushi, sawa na anayejaza mashimo ya kutu kwa bodifila na kuyapaka juu.

Na si kila gari lidai haya. Bampa lenye madoa machache, lililosuguliwa kwa karatasi ya alumini na kupakwa nta, likabaki na nikeli yake ya kiwandani, lina thamani ambayo wakusanyaji wengi siku hizi huipendelea kuliko mng'aro mpya, kwani cha asili hakirudishwi kikishavuliwa. Sisi rai yetu ni hiyo: anza na karatasi ya alumini. Kama baada ya hapo bado mashimo yapo na moyo hautulii, toa bampa peke yake, piga picha kila boliti na mahali pake, pima vipande na uandike idadi yake mbele ya fundi, kwa sababu vitasa na nembo ndogo hupotea ndani ya mabirika na havipatikani tena madukani. Bampa likirudi, lipake mgongo rangi kabla ya kulifunga, na ile boliti ya zamani iliyoliwa na kutu usiirudishe; itaanza kulichafua tabaka jipya kwenye mvua ya kwanza ya masika.